Bado Tunaulisha Udongo

Jumapili iliyopita shemeji yangu alisimama kwenye ukingo wa bustani yetu, mikono kaifunga nyuma kama mkaguzi, akayatazama matuta yetu matatu kwa muda, kisha akauliza: "Sasa shemeji, miezi mitatu yote hii mmevuna nini?"

Nikamjibu: figili za bakuli moja, na spinachi mara mbili. Njegere zimeanza kutoa maua.

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, namjua, ni mtu mwema na watoto wanampenda. Akasema kwa jasho lililomwagika pale, na Jumamosi zote zilizoishia pale, tungekuwa tumeshanunua mboga za mwaka mzima na chenji ingebaki. Mume wangu akageuza mazungumzo. Mimi nikaenda kuchota maji. Hoja ya fedha ningeweza kuimeza, ila jioni ile binti yetu wa miaka 9, ambaye muda wote ule alikuwa amechuchumaa kwenye tuta na daftari lake, alinifuata jikoni akaniuliza: "Mama, kwani tumeshindwa?"

Hatujashindwa. Na naandika kwa sababu najua tuko wengi tulioanzisha bustani majira haya ya kuchipua, tumefika mwezi wa tatu, na kuna mtu amesimama ukingoni anatuhesabia vikapu.

Nyumba hii tulihamia ikiwa mpya, na anayehamia nyumba mpya huwa hajui amehamia juu ya nini. Nyuma ya ukuta kulikuwa na nyasi nzuri za kijani. Tulipozitoa tukakuta vipande vya matofali, misumari, mfuko mzima wa saruji uliogeuka jiwe, na chini ya hayo yote udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na mitambo ya wajenzi hadi ukawa kama sakafu. Tulichimba shimo la sentimita 30, tukalijaza maji jioni. Asubuhi maji yalikuwa bado yamo. Mdogo wake binti, wa miaka 5, alifurahi sana, akadhani tumepata bwawa.

Mzizi ungepita wapi mle? Mzizi unahitaji hewa kama sisi. Udongo ulio hai una matundu, makubwa ya kupitisha maji na hewa, madogo ya kuhifadhi unyevu, na matundu hayo hayachimbwi na jembe. Yanatengenezwa na mizizi iliyooza, na viumbe wanaotambaa, na gundi inayotoka kwa vijidudu na kuvu wanapokula majani yaliyokufa. Udongo wetu ulikuwa umenyimwa vyote hivyo. Ukimpanda mnyanya kwenye sakafu ya namna ile, ukammwagia mbolea ya chumvichumvi na kusubiri kikapu, umemwomba mgonjwa akimbie.

Kosa letu la kwanza tulilifanya hapo hapo. Siku za mwanzo za jua, tukiwa na hamu iliyotuwaka tangu majira ya baridi, tuliingia na jembe udongo ukiwa bado umeloa. Tulichimba kutwa. Tulilala tumechoka na tumeridhika. Wiki moja baadaye mabonge yale yalikuwa magumu kama tofali la kuchoma, na tulikuwa tumeongeza uharibifu juu ya uharibifu wa wajenzi. Mfinyanzi haulimwi ukiwa tope. Sasa tuna kipimo ambacho hata mdogo anakijua: fumbata udongo kiganjani, ufungue, ubonyeze kwa kidole gumba. Ukimeguka, kazi iendelee. Ukibaki donge linalong'aa, rudini ndani mkafanye mengine. Mara ngapi tumerudi ndani! Mdogo ndiye mkali kuliko wote, hutusimamisha mlangoni mpaka abonyeze yeye.

Tulifanya pia jaribio la chupa. Udongo theluthi moja, maji, tikisa, weka dirishani. Mchanga ulitua ndani ya dakika moja. Tope laini lilichukua saa kadhaa. Halafu maji yakabaki na rangi ya kahawia siku hiyo, na ya pili yake, kwa sababu chembe za mfinyanzi ni ndogo chini ya milimita 0.002 na hazina haraka ya kushuka. Watoto walikuwa wakiamka wanaikimbilia chupa. Jirani mmoja akatushauri tulete mchanga tuchanganye. Tusingethubutu: mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hutoa kitu kinachokaribia zege, na ili ufae ungehitajika mwingi mno, pengine nusu ya bustani. Kinachoufungua mfinyanzi ni mboji.

Kwa hiyo majira haya, kazi yetu kubwa imekuwa lundo la mboji lililo kwenye kona, kuliko hata matuta. Wiki za mwanzo lilinuka mkojo hadi dirishani, maana tulijaza nyasi mbichi tupu, na nyasi zina naitrojeni nyingi kuliko vijidudu wanavyoweza kula. Tukaongeza majani makavu na maboksi yaliyochanwa, karibu mafungu mawili hadi matatu ya vikavu kwa fungu moja la vibichi, tukaligeuza ili lipate hewa. Siku ya nne mvuke ulikuwa ukipanda asubuhi. Mume wangu alizamisha kipimajoto katikati: nyuzi 58. Nyuzi 58, kutokana na maganda ya karoti na majani ya mwaka jana, bila moto, bila umeme! Nilisimama pale na kikombe changu mkononi nikajisikia kama mtu aliyeonyeshwa siri. Hao ni viumbe wasioonekana kwa macho, mabilioni yao, wanakula na kupumua hadi lundo linachemka.

Samadi tulipata iliyooza vizuri, tukaitandaza juu ya tuta la kwanza na la pili. Mbichi tulikataa ingawa tulipewa bure, kwa sababu inaunguza mizizi na ina vimelea vya magonjwa. Wakulima wa mboga wa kilimo hai, kile kisichotumia mbolea na dawa za viwandani, huko Marekani hutakiwa kuacha siku 120 kati ya kuiweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Juu ya samadi tukaweka matandazo ya majani. Hatukuchimba tena. Matuta tumeyapa upana wa mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, na hakuna mguu unaoruhusiwa kukanyaga ndani, hata wa mgeni. Shemeji nilimsogeza mara mbili Jumapili ile.

Sasa daftari la binti yangu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anachimba mchemraba wa sentimita 30 pembeni mwa tuta, anaumwaga juu ya karatasi ya nailoni, anahesabu nyungunyungu, kisha anawarudisha wote. Mwezi wa kwanza aliandika sifuri. Akauchimbua tena ule udongo wote, kwa vidole, akitafuta hata mmoja. Mwezi wa pili, mmoja. Mwezi huu, wanne. Wanaojua huambiana kwamba wakifika kumi hivi kwenye mchemraba wa ukubwa huo, udongo unakwenda vizuri. Wanne si kumi, lakini hatukuwaleta sisi. Wamekuja wenyewe, wamefuata majani yanayooza chini ya matandazo, na kila wanapopita wanaacha njia ya maji na hewa ambayo jembe langu lilishindwa kuitengeneza.

Nilimweleza binti habari za Charles Darwin, kwamba mzee yule mwenye sifa duniani kote aliwachunguza nyungunyungu kwa zaidi ya miaka 40, akawapigia filimbi na kinanda kuona kama wanasikia, na mwaka 1881, miezi michache tu kabla ya kufa, akatoa kitabu kizima juu yao. Alikadiria kwamba mahali pengi nchini Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila ekari hupita ndani ya miili yao kila mwaka. Binti akauliza wetu wanne watapitisha kiasi gani. Tukakaa chini na kalamu.

Hayo ndiyo mavuno ya miezi mitatu. Hayaingii kwenye kikapu, na mtu akiyauliza ukingoni mwa tuta inakuwa vigumu kumwonyesha. Lakini shimo lile la maji tulilichimba tena mwezi huu, safari hii kwenye tuta la kwanza. Maji yaliisha kabla hatujamaliza kula chakula cha mchana.

Kinachonikasirisha zaidi ya swali la shemeji ni zile video. Sekunde 60: mtu anakwangua nyasi, anamwaga udongo mweusi kutoka kwenye magunia, anachomeka miche iliyokwisha kukua, na mwisho anasimama na nyanya nyekundu mikononi. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba masanduku ya kujazwa udongo wa kununua yana watu wake. Mwenye uwanja wa zege hana njia nyingine, wala mwenye mgongo mbovu. Na anayeishi kwenye nyumba kongwe iliyopakwa rangi yenye madini ya risasi apime kwanza udongo wa karibu na kuta, na ukikutwa na sumu asiwalishe watoto humo. Lakini video hizo hazisemi kwamba udongo wa magunia nao hudidimia na kuchoka, na lazima ulishwe mboji kila mwaka kama mwingine wowote. Wanaozitazama huchimba, husubiri mwezi, hulinganisha, huacha. Nimeona viwanja vya watu wawili ninaowafahamu vikirudi kuwa majani hivyo hivyo, na mmoja alikuwa amebakiza labda mwaka mmoja tu wa uvumilivu. Inaniuma.

Na hesabu ya shemeji? Ni sahihi kwa mwaka huu. Basi.

Kuhusu maji: asubuhi, kwenye udongo, mengi kila baada ya siku chache, wala si kunyunyizia majani kidogo kidogo kila jioni. Vidukari walivamia maharage mapema tukawasugua kwa vidole, na baadaye wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wakaja kumalizia kazi. Konokono wamekula letusi yote ya safu ya kwanza. Tumepanda nyingine.

Karoti zimetuletea machozi. Ziliota baada ya siku 17, zimebanana kama nywele, kwa sababu mdogo alimwaga mfuko mzima. Ikabidi kupunguza, mche mmoja kila sentimita tano, mingine ing'olewe. Binti alikataa kata kata. "Umesema tuziangalie zikue, sasa unaziua." Sikuwa na jibu la haraka, na sikupenda kumpa jibu la mkubwa kwa mdogo. Nilimwambia zikibanana hakuna hata moja itakayonenepa. Akasema pengine. Tukagawana: nusu ya safu nimepunguza mimi, nusu ni yake na haiguswi. Mume wangu anasema nimekuwa laini. Mimi nadhani mtoto aliyelilia mche wa karoti tayari amejifunza jambo ambalo sijui ningemfundisha kwa njia gani, na karoti zake nyembamba tutazila vilevile.

Jumatano hii, kumjibu lile swali lake la jikoni, nilimwita bustanini tukang'oa mnjegere mmoja, mmoja tu, ule uliokuwa umevunjika shina. Tukausafisha mizizi kwenye ndoo. Ilikuwa na vinundu vidogo kama shanga. Nikamwambia akipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi, karibu nyekundu. Akashtuka: "Mama, ina damu!" Hakukosea mbali. Rangi ile inatokana na protini iliyo ndugu na ile inayobeba oksijeni kwenye damu yetu, na kazi yake ni kuwahudumia bakteria walio ndani ya kinundu, ambao wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kinundu cheupe hakijaanza kazi. Cha kijani au kijivu kimeshamaliza. Chetu kilikuwa kazini. Kwenye ule udongo wa misumari na saruji, kuna kitu kilikuwa kinafanya kazi na hatukujua.

Alipasua kumi na vitatu, vyote vya waridi, akaandika kwenye daftari, kisha akakimbia kumwita mdogo wake.

Njegere zikimaliza kuzaa tutazikata usawa wa ardhi na kuiacha mizizi humo humo. Tuta la tatu, lile gumu kuliko yote, hatutalipanda kabisa mwaka huu. Limefunikwa maboksi na majani, litangoja. Miche ya nyanya iko dirishani tangu wiki saba zilizopita, na kwa siku nane sasa tumekuwa tukiitoa nje mchana na kuirudisha ndani jioni, muda kidogo zaidi kila siku, ili izoee upepo na jua. Usiku wa sakitu umepita. Tulipanga kuipandikiza kesho asubuhi, wote wanne.

Usiku huu mvua inanyesha. Kesho mdogo atatangulia mlangoni, atabonyeza udongo, na atakavyosema ndivyo itakavyokuwa.