Tope Limekwenda kwa Nani?

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, masika yakiwa yanapiga hodi, tulishuka mtaroni watu 23. Idadi ninaikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyepewa daftari la majina. Mtaro wetu hapa Kigogo, Dar es Salaam, si mkubwa, mtu mzima akitanua hatua anauvuka, lakini ulikuwa umejaa hadi mdomoni: tope jeusi, chupa za maji, pampasi, kandambili za mguu mmoja mmoja, na vile vifungashio laini ambavyo ukivivuta vinakatika, nusu inabaki chini. Tukachimba kwa masepetu, tukapandisha kwa ndoo, tukamwaga ukingoni. Ilipofika saa nne niliiona sakafu ya saruji ya mtaro ule kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Picha zikapigwa, zikarushwa kwenye grupu la mtaa, tukapongezana.

Gari la kubeba lile tope tuliahidiwa Jumatatu. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Alhamisi usiku ikashuka mvua ya maana, na Ijumaa asubuhi ukingo ulikuwa mweupe kama umefagiliwa. Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilifurahi.

Kisha akaja mama mmoja kutoka kule bondeni, amefunga khanga kiunoni, miguu imejaa tope hadi magotini, na ndoo kichwani. Akaenda moja kwa moja kwa mjumbe. Akaitua ndoo, akaimimina pale pale mlangoni, chwaa. "Shikamoo mjumbe. Mzigo wenu huu, mliusahau." Mjumbe, mzee wa watu, akaitikia marahaba na hakupata neno la kuongeza. Mama akachukua ndoo yake, akageuka, akaenda zake.

Nimeshiriki usafi wa mtaa kwa miaka, na hakuna hotuba ya mazingira iliyonifundisha kitu kama ile ndoo moja. Tangu siku hiyo, kila ninapoona picha za watu na mafagio nina swali moja tu: tope limekwenda kwa nani?

Jiji hili limezoea usafi wa tukio. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuifanya siku ya usafi, wengi tulitoka barabarani kwa moyo kabisa. Kipindupindu kilikuwa kimeanza hapa hapa Dar mwezi Agosti mwaka huo na watu walikuwa wamechoka kuzika. Baadaye ikawa utaratibu wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yanafungwa asubuhi, mgambo wanapita. Sina ugomvi na siku ile. Ugomvi wangu ni na kilichoota juu yake, yaani usafi wa fulana. Kampuni fulani inakuja mtaani na fulana 100 zenye nembo, spika mbili, na mshereheshaji. Mara ya mwisho walipokuja kwetu walileta na maji ya kunywa, katoni kwa katoni, na walipoondoka zile chupa tuliziokota sisi. Nilivaa ile fulana, sitaficha. Ninaidekia nyumba hadi leo, ni pamba nzuri.

Halafu kuna wale wanaosema shida ni tabia, uswahilini ni wachafu. Wasemaji hawa mara nyingi wanaishi mahali gari la taka linafika getini kwa ratiba. Kwetu njia ni ya kupita mtu na kivuli chake. Gari la taka halipiti, la kunyonya choo halipiti, kwa hiyo mvua ikishika kasi kuna nyumba zinatapisha vyoo mtaroni, na kila mtu anajua, na kila mtu anafunga dirisha. Ni uchafu, ndiyo. Ila ukimwuliza mwenye nyumba angefanya nini, na shimo limejaa, na gari linaishia barabara kuu, utaona jibu halipatikani kwenye fagio.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda wa wananchi kulinda mazingira katika Dar es Salaam hauna fagio hata moja. Ni wakazi wa Tabata, mwaka 1988.

Wakati huo Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka za mji mzima Tabata, katikati ya makazi. Moshi mchana na usiku, inzi, harufu, watoto kukohoa. Wakazi wakalalamika kwa viongozi kama ilivyo desturi, na kama ilivyo desturi wakaambiwa wasubiri. Wakaenda Mahakama Kuu. Kumbuka ni 1988, chama kimoja, na ile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inayompa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda kudai, ilikuja mwaka 2004, miaka 16 baadaye. Wakashinda. Mahakama ikaitaka halmashauri iache kumwaga taka pale na itafute pengine. Halmashauri ikarudi mahakamani kuomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na si mara moja. Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kuona mamlaka ya umma inakuja mbele yake kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha uhai wa watu, akakumbusha kwamba haki ya kuishi imeandikwa ndani ya Katiba.

Mtu angeishia hapo na hadithi ingekuwa tamu. Lakini iulize swali la yule mama. Taka za Tabata zilikwenda kwa nani? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Watu wa Mtongani nao wakajikusanya kwa mamia, mwaka 1991 wakafungua kesi yao, nao wakashinda. Taka zikageuza njia: zikakaa Vingunguti, zikakaa Mtoni, na sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Kila zilipofika kulikuwa na watu, na kwa kawaida walikuwa watu wenye sauti ndogo kuliko wa kule zilikotoka. Wakazi wa Tabata hawakukosea hata kidogo, walitetea watoto wao. Ila jiji lilijifunza somo lisilo lenyewe. Lilijifunza kusogea.

Na Pugu nako si mwisho wa dunia. Milima ya Pugu ndiko unakoanzia Mto Msimbazi. Unashuka kwa Ukonga, Vingunguti, Tabata, Kigogo kwetu, Jangwani, mpaka baharini pale darajani Selander. Nyumba niliyopanga iko hatua chache kutoka kwenye kijito kinachoingia mto huo, kwa hiyo naufahamu kwa harufu, sihitaji ramani. Desemba 2011 mto huu uliua. Watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko katika jiji hili, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo tukajenga karakana ya mwendokasi Jangwani, bondeni kabisa, na mabasi yakaoga maji masika baada ya masika. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, fedha za Benki ya Dunia za mwaka 2022, dola milioni 200, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Naliombea heri daraja. Lakini daraja linainua barabara. Tope la kutoka juu linaendelea kuja, na sisi wa kati tunaendelea kulisukumia chini.

Kitu kimoja kilichobadilisha mambo mtaani kwetu kuliko nilivyotegemea ni ramani. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani wakishirikiana na wakazi kuchora mitaa ambayo kwenye ramani za zamani ilikuwa doa tupu. Vijana walipita na simu zao, na droni zikipiga picha juu (wakati ule tulidhani ni za polisi), wakiandika nyumba, vichochoro, mitaro, wakiuliza wenyeji maji hufika wapi. Wajumbe walitembea nao kuonyesha shina la nani linaishia kwenye mkorosho gani. Kazi yenyewe haikuokota hata chupa moja. Lakini ukishaona mtaro wako kama mstari wa bluu unaopita nyuma ya nyumba za watu wengine 200 kabla ya kufika mtoni, huwezi tena kusema "mtaro wetu". Nadhani ramani hiyo ilipaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, pale wanapoweka kalenda za benki.

Jambo la pili la kusifia liko Bonyokwa. Huko taasisi ya Nipe Fagio, ambayo imekuwa ikifanya kazi hapa Dar tangu 2013, imesaidia kujenga utaratibu wa kutenganisha taka nyumbani: mabaki ya chakula kivyake, vya kuuza kivyake, vilivyobaki kivyake, na wakusanyaji wakiwa ushirika wao wenyewe. Linaonekana jambo dogo. Lakini angalia kilichomo kwenye ndoo ya taka ya nyumba ya Kiswahili: maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mchicha, ugali ulioungua, matunda. Sehemu kubwa ni kitu kinachooza, na kinachooza kikikaa kivyake ni mbolea, kikichanganywa na pampasi ni sumu ya kupelekwa Pugu. Bonyokwa ni namna ya kulijibu lile swali kabla halijaulizwa. Tope halijaenda kwa mtu.

Na hapa niwape heshima waokota chupa, ambao wametangulia semina zote. Chupa ya plastiki kwetu haimalizi siku mbili chini, ina bei kwa kilo. Kinachobaki ni kisicho na mnunuzi. Tulipopiga marufuku mifuko ya rambo tarehe 1 Juni 2019 mtaro ulipumua kweli, mimi ni shahidi, na kwa miezi tulikwenda sokoni na vikapu kama bibi zetu. Kisha vile vifungashio vyepesi vya kufungia ubuyu na karanga vikapanda cheo, vikaanza kubebea nyanya na mkaa. Hakuna anayeviokota kwa sababu hakuna anayevinunua. Watu wa mtaani tunaweza kufanya mengi, lakini hatuwezi kuwa soko la kitu ambacho kiwanda kimekitengeneza kisiwe na soko. Hilo ni la waliokitengeneza, na wa kuwabana wapo na wana ofisi.

Turudi kwenye ndoo. Baada ya aibu ile tuliitisha kikao, na safari hii tukawaita wa bondeni, jambo ambalo, najisikia vibaya kuliandika, hatukuwahi kulifanya. Tukakubaliana kila nyumba itoe shilingi 500 kwa mwezi, tukodi guta letu la kubeba tope siku ileile. Mahesabu yanaandikwa kwa chaki kwenye ubao nje ya genge: kilichoingia, kilichotoka, nani hajatoa. Mimi jina langu limekaa pale wiki mbili na nimeonja maneno ya wauza genge, kwa hiyo najua mfumo unafanya kazi.

Mwezi wa kwanza guta likaja, likajaza safari nne, tukaona tumemaliza. Jioni yake nikiwa kwenye bodaboda natoka Mabibo nikaliona lile lile guta limeegeshwa nyuma-mbele ukingoni mwa Msimbazi, kijana anashusha mzigo wetu mtoni kwa koleo, hana wasiwasi, anaimba. Nilimwambia dereva wa boda asimame. Kijana hakukana. "Bro, mlinilipa kutoa. Hamkusema kupeleka wapi."

Alikuwa sahihi. Sasa tunamlipa zaidi, na mtu mmoja wetu anapanda naye mpaka kwenye kontena la kata. Mchanga ulio safi kidogo tunautenga, ukikauka unafukia mashimo ya njia. Taka za kontena zinapelekwa Pugu, ninajua. Bado tumelisukuma, tumelisukuma mbali zaidi tu na kwa risiti. Nyumba kama 15 zimeanza kutenga maganda, mzee mmoja anayefuga mbuzi anayachukua. Ni 15 kati ya nyingi mno.

Kuhusu yule mama, ndiye mweka hazina. Alichaguliwa bila kugombea, na sharti lake lilikuwa moja: hakuna kupandisha tope kabla guta halijafika. Mwezi uliopita guta lilipata pancha Magomeni. Tukakaa ukingoni, masepetu magotini, saa moja, saa mbili, saa tatu, jua limeshapanda, vijana wananung'unika kwamba wangekuwa wamemaliza. Mtu akapendekeza tuanze, tope litangoja kidogo tu pembeni. Mama hakumjibu, alimtazama tu. Saa nne kasoro guta likasikika linakata kona. Akavua kandambili, akazipanga pembeni vizuri, akashuka wa kwanza.