ACT Wazalendo na nafasi ya CUF Zanzibar: kilichohama ni nini?

Wapo wanaoshikilia kwamba ACT Wazalendo haikuwahi kuichukua nafasi ya CUF Zanzibar, bali ilimpangisha Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa CUF, nyumba, naye akaja na wageni wake, yaani wafuasi wake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Chama kilichosajiliwa mwaka 2014 na kuambulia jimbo moja tu mwaka uliofuata, la Zitto Kabwe wa Kigoma Mjini, hakikufika nafasi ya pili Visiwani kwa kukua polepole. Kilifikishwa Machi 2019, pale hukumu ya Mahakama Kuu ilipombakisha hasimu wake Maalim ndani ya chama, Profesa Ibrahim Lipumba, kwenye uenyekiti wa CUF na Maalim akahama siku hiyohiyo.

Ila jina, usajili na bendera vilibaki CUF. Kilichohama ni matawi na watu wake, na kaulimbiu yao, "shusha tanga, pandisha tanga", ilieleza jambo hilo kuliko wachambuzi wengi: kwa aliyeipigia CUF kura tangu mwaka 1995, Maalim alipotangaziwa asilimia 49.8 za kura za urais wa Zanzibar dhidi ya 50.2 za Salmin Amour wa CCM, chama kilikuwa tanga, si chombo.

Wenye shaka huitaja asilimia 19.87 aliyotangaziwa Maalim mwaka 2020, wakisema chama kipya kilitapanya zaidi ya nusu ya urithi. ACT iliyakataa matokeo hayo, lakini tuyachukue kama yalivyotangazwa. Dk. Hussein Mwinyi wa CCM alipewa 76.27, ukijumlisha na za Maalim unapata 96.14, na hizo 3.86 zilizosalia ndizo walizogawana wagombea wengine wote, wa CUF akiwa mmoja wao. Chama kilichokuwa na asilimia 49.1 mwaka 2010! Kwa kuwa Katiba ya Zanzibar inadai walau asilimia 10 ili chama kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais, kiti hicho kilikwenda ACT, na Maalim alipofariki Februari 2021 kikabaki hukohuko, kwa Othman Masoud Othman. Mpangaji ameondoka, wageni wake hawakurudi walikotoka. Hapo ndipo hoja ya upangaji inaponishinda kuielewa.

Bara ni habari nyingine, na hapa wenye shaka wana haki yao. Zitto alipotoka CHADEMA aliyaacha matawi nyuma yake, na chama kipya kisichohamiwa na matawi hubaki na kiongozi anayejulikana na ofisi zisizo na watu. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ungeweza kutuonyesha kama wapiga kura wa CHADEMA, iliyozuiwa kushiriki, wangeikimbilia ACT, lakini Luhaga Mpina, mgombea urais wake aliyehamia kutoka CCM miezi michache kabla, naye alienguliwa. Mtihani huo haukufanyika.