Milimita ya Probu: Kipimo cha Fizi Kinaaminika kwa Kiasi Gani?

Mgonjwa anayefanyiwa uchunguzi kamili wa fizi husikia namba zikitajwa moja baada ya nyingine huku msaidizi akiziandika: tatu, mbili, tatu, nne, tatu, sita. Kila namba ni milimita, na kila jino lina namba sita, tatu za upande wa shavu au mdomo na tatu za upande wa ulimi au kaakaa. Kwa mtu mwenye meno 28 hizo ni namba 168, na zote hupatikana kwa probu, chombo chembamba chenye alama za milimita ambacho huingizwa taratibu kati ya jino na fizi hadi kikome. Namba hizo ndizo zinazoamua kama mtu ana ugonjwa, kama ataondolewa ugaga (uchafu mgumu ulioganda kwenye meno) tu au atapasuliwa fizi, na baada ya miezi michache, kama tiba imefanya kazi. Wapo wataalamu wanaoona kwamba tumeubebesha mkono wa binadamu uzito usioweza kubebwa, na wapo wanaosema kwamba hakuna chombo kingine kinachoeleza hali ya fizi kwa urahisi na gharama ndogo kiasi hicho. Pande zote mbili zina hoja, ingawa mara nyingi zinabishana juu ya mambo mawili tofauti.

Hoja nzito zaidi ya wenye mashaka haihusu ustadi wa daktari hata kidogo. Inahusu mahali probu inapokomea. Jina la kipimo, kina cha mfuko wa fizi (yaani nafasi iliyo kati ya jino na fizi), humfanya mtu adhani kwamba ncha imegusa sakafu ya mfuko na kusimama hapo. Gary Armitage na wenzake walilichunguza jambo hili kwa mbwa mwaka 1977, wakitumia msukumo usiobadilika wa gramu 25, kisha wakatazama tishu kwa hadubini. Katika fizi zenye afya ncha ilikomea ndani ya utando unaoishikisha fizi kwenye jino, takriban milimita 0.4 kabla ya mwisho wa utando huo. Katika fizi zenye ugonjwa uliokwisha kula mshikamano wa jino, yaani nyuzi zinazolishikisha jino kwenye fizi na mfupa, ncha ilipenya utando wote na kuingia kwenye tishu unganishi zilizo chini yake, takriban milimita 0.24 zaidi. Msukumo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni tishu. Ni sawa na kupima kina cha dimbwi kwa fimbo mahali ambapo chini ni tope: fimbo husimama pale tope linapokuwa zito vya kutosha kuizuia, na hapo si lazima pawe ndipo maji yanapoishia.

Kwa hiyo kinachosomwa kwenye probu ni kina kilichochanganyika na ukinzani wa tishu, na mtu hawezi kuvitenganisha kwa macho. Matokeo yake huonekana wazi baada ya tiba. Mgonjwa mwenye mfuko wa milimita 6 husafishwa ugaga chini ya fizi, anafundishwa kupiga mswaki na kusafisha katikati ya meno, na anaporudi probu inasoma 4. Watu huona milimita mbili na kusema mshikamano umerudi. Sehemu ya milimita hizo imetokana na fizi iliyokuwa imevimba kunywea, ukingo wake ukashuka. Sehemu nyingine imetokana na tishu kukaza na kuizuia ncha juu zaidi kuliko awali. Huenda hakuna uzi hata mmoja mpya uliojishikiza kwenye mzizi. Wenye mashaka wana haki ya kusema kwamba hapa chombo kimetupatia habari njema iliyozidi ukweli. Lakini mtetezi wa probu naye anaweza kujibu, na jibu lake nalikubali, kwamba fizi iliyokaza na isiyopenyeka ndiyo hasa tunayoitafuta, kwa sababu uvimbe umepungua. Probu imepima kupona kwa mgonjwa, hata kama haijapima kukua kwa tishu mpya.

Hoja ya pili ni ya mkono wenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka msukumo usiozidi gramu 20 hivi, na unatoa njia rahisi ya kujizoeza: ncha ya probu iwekwe chini ya ukucha wa dole gumba na kusukumwa hadi nyama iliyo chini ya ukucha ipauke. Zoezi ni zuri, lakini mikono ya madaktari haifanani. Vipimo vilivyofanywa tangu miaka ya 1970 vilionyesha baadhi yao wakisukuma kwa gramu chache tu, na wengine wakizidi gramu 100, tena mtu yule yule akisukuma tofauti kwenye meno ya mbele na kwenye magego. Unene wa ncha nao una lake. Ncha yenye kipenyo cha milimita 0.4 ikisukumwa kwa nguvu ile ile kama ya milimita 0.6 hugandamiza tishu kwa shinikizo la zaidi ya mara mbili, kwa kuwa eneo lake ni dogo kiasi hicho. Kliniki yenye probu za aina tatu kwenye trei moja, na nyingi ziko hivyo, inapima kwa vipimo vitatu bila kujua.

Kisha kuna jino lenyewe. Mtazame daktari anapopima gego la kwanza la chini, upande wa nyuma, pale linapokutana na gego la pili. Probu inatakiwa iende sambamba na mzizi, lakini mahali meno mawili yanapogusana pameziba njia. Hivyo huilaza kidogo ili ncha ipite chini ya mgusano na kufika katikati, ambako mfuko huwa na kina kuliko pembeni. Akiilaza mno, namba inaongezeka bila sababu. Asipoilaza kabisa, anakosa mfuko wote. Ncha ikikutana na kipande cha ugaga kilichoganda kwenye mzizi, husimama juu yake kama vile imefika chini, na anayepima kwa haraka huandika 3 mahali penye 6. Mwenye uzoefu huhisi tofauti: ugaga hukwaruza na ni mgumu, sakafu ya mfuko ni laini na inarudisha msukumo kidogo. Ndiyo maana hairuhusiwi kuchoma mara moja na kuondoa. Probu hutembezwa ndani ya mfuko kwa hatua fupi fupi kuuzunguka mzizi, na huandikwa namba kubwa kuliko zote za kila sehemu.

Hata alama za chombo zina hila zake. Probu ya Williams, inayotumika tangu miaka ya 1930 na bado imo katika kliniki nyingi, ina alama za milimita 1, 2, 3, 5, 7, 8, 9 na 10. Nafasi za 4 na 6 ziliachwa wazi makusudi ili macho yasichanganyikiwe. Lakini leo 4 ndipo tunapoweka mpaka kati ya fizi yenye kina cha kawaida na mfuko unaotiliwa shaka, kwa hiyo namba yenye uzito kuliko zote husomwa kwa kukadiria mahali pasipo na mstari. Probu yenye alama kila milimita hadi 15 inaondoa tatizo hili, na sioni kwa nini chuo cha udaktari wa meno kiendelee kufundishia nyingine.

Sasa zingatia mfumo wa uainishaji wa magonjwa ya fizi uliokubaliwa Chicago mwaka 2017 na kuchapishwa mwaka 2018. Mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa fizi uliofikia mshikamano wa jino ikiwa upotevu wa mshikamano unagundulika kati ya meno, kwenye meno mawili au zaidi yasiyopakana. Hatua ya kwanza ni upotevu wa milimita 1 hadi 2, ya pili 3 hadi 4, ya tatu 5 na kuendelea. Upotevu huo hupatikana kwa kujumlisha kina cha mfuko na umbali ambao fizi imeshuka kutoka shingo ya jino, kwa hiyo una makosa ya vipimo viwili. Wapimaji waliofunzwa vizuri husifiwa wanapolingana kwa tofauti isiyozidi milimita moja katika vipimo 95 kati ya 100. Chukua kiwango hicho cha juu: katika nafasi 168 bado zitabaki nane hivi zenye tofauti kubwa zaidi, nasi tunahitaji meno mawili tu kumpa mtu jina la ugonjwa. Waandishi wa mfumo wenyewe walikiri kwamba kosa la kipimo litawaweka baadhi ya watu katika kundi lisilo lao, hasa hatua ya mwanzo. Ukiri huo haufiki mara nyingi kwenye kiti cha mgonjwa.

Je, mashine ingetuokoa? Chuo Kikuu cha Florida kilitoa probu ya kielektroniki mwaka 1988, yenye msukumo usiobadilika na usomaji wa sehemu ndogo za milimita unaoingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Ilitatua msukumo na uandishi. Haikutatua pembe, wala ugaga, wala tishu laini inayopenyeka, na ilimnyima daktari ile hisia ya vidole inayotofautisha ugaga na sakafu ya mfuko. Katika tafiti kadhaa haikuishinda probu ya kawaida iliyoshikwa na mtu mzoefu. Picha ya eksirei nayo huonyesha mfupa ulio kati ya meno, lakini upande wa shavu na wa ulimi hufichwa na jino lenyewe, na huonyesha hasara iliyokwisha kutokea bila kusema kama ugonjwa bado unaendelea.

Hapo ndipo probu inapopata utetezi wake bora, na cha ajabu ni kwamba utetezi huo hautegemei milimita. Unategemea damu. Niklaus Lang na wenzake wa Bern, Uswisi, waliwafuatilia wagonjwa waliokwisha kutibiwa na kuripoti mwaka 1986 kwamba nafasi zilizotoka damu katika ziara nne mfululizo zilikuwa na uwezekano wa 30% wa kupoteza mshikamano. Zile ambazo hazikutoka damu hata mara moja, 1.5%. Yaani damu ni mtabiri dhaifu wa ubaya, lakini kutokuwepo kwake ni dalili yenye nguvu ya usalama. Nayo ina masharti: msukumo unaozidi gramu 25 hivi unaweza kuitoa damu hata kwenye fizi yenye afya, aspirini huiongeza, na uvutaji wa sigara huipunguza, hivyo fizi kavu ya mvutaji isimtulize mtu yeyote.

Katika ngazi ya jamii mzani huelemea upande mwingine kabisa, na mfano mzuri unatoka Machakos. Mnamo 1982 kilichapishwa kipimo cha haraka cha mahitaji ya tiba ya fizi katika jamii, kijulikanacho kwa kifupi cha Kiingereza kama CPITN, kinachotumia probu yenye kitufe cha nusu milimita nchani na mkanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5. Mdomo hugawanywa sehemu sita na kila sehemu hupewa alama moja tu, ile mbaya kuliko zote: damu, kisha ugaga, kisha mfuko wa 4 hadi 5, kisha 6 na zaidi. Ngazi hii inadhani kwamba penye mfuko pana ugaga na penye ugaga pana damu. Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walikuwa wamewapima Wakenya 1,131 wa miaka 15 hadi 65 vijijini Machakos, nafasi kwa nafasi. Walikuta ugaga na uvimbe kila mahali, lakini mifuko yenye kina ilikuwa michache kuliko ilivyotarajiwa, na uharibifu mkubwa ulijikusanya kwa watu wachache. Walipolinganisha na ngazi ya CPITN, ngazi haikusimama, na kipimo kilielekea kuutia chumvi ugonjwa wa vijana na kuupunguza ule wa wazee, ambao fizi zao zilikuwa zimeshuka pamoja na mfupa na kuacha mifuko mifupi juu ya hasara kubwa. Toleo la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani la mwaka 2013 liliutoa ugaga katika kipimo na kuitenganisha damu na mifuko.

Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono wanaotaka kipimo cha haraka kitupwe. Katika kliniki ambayo wagonjwa wengi huja wakiwa na jino la kung'olewa na foleni imefika nje, namba 168 kwa kila mtu ni ndoto, na kitufe chenye mkanda mweusi humtambua ndani ya dakika chache anayehitaji kupimwa kikamilifu. Kosa liko katika kukichukua kichujio hicho na kukifanya takwimu ya taifa. Wamarekani walijifunza hilo kwa njia yao: walipoacha kupima sehemu tu ya mdomo na kuanza kupima nafasi sita za kila jino katika uchunguzi wa 2009 na 2010, waliwakuta watu zaidi ya 47% wa miaka 30 na kuendelea wana ugonjwa, kiwango ambacho mbinu ya awali isingeweza kukifikia.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, naona faili inahitaji mambo matatu yanayokosekana mara nyingi: aina ya probu, jina la aliyepima, na alama ya damu mbele ya kila namba. Tofauti ya milimita moja kati ya ziara mbili, hasa kama mpimaji amebadilika, isimpeleke mtu kwenye upasuaji wala isimpe cheti cha kupona; ipimwe tena, au isubiri ziara ya tatu. Milimita mbili au zaidi katika nafasi ile ile, kwa probu ile ile, ni habari nyingine. Nayo nafasi ya milimita 6 inayoendelea kutoka damu baada ya ugaga kuondolewa vizuri haihitaji mjadala wa usahihi wowote, kwa maana hata ikiwa kwa kweli ni 5, ni lazima itibiwe.