Kiungo kifupi ni sanduku la posta la nani?

Nje ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, niliikuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo, ikiwaalika wachuuzi wa dagaa wajaze fomu ya kujiunga na kikundi cha kuweka na kukopa. Chini yake palikuwa na kiungo cha intaneti kilichofupishwa: jina la kampuni ya kufupisha, alama ya mkwaju, kisha herufi na tarakimu saba zisizo na maana yoyote. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alikiandika kwenye simu yake mara tatu, na mara zote tatu akajibiwa kwamba ukurasa huo haupo. Alama aliyoisoma kuwa tarakimu 1 ilikuwa herufi "l" ndogo.

Ninaanza na mama huyo kwa sababu karatasi ndipo mahali ambapo kiungo kifupi hujitetea vizuri kuliko popote, na hata hapo kiliteleza. Anwani halisi ya fomu kama ile huweza kuzidi herufi mia. Hakuna atakayeinakili kutoka ukutani huku ana beseni kichwani. Kampuni ya kufupisha huihifadhi anwani hiyo ndefu kwenye seva yake na kuipa alama chache za kuiwakilisha, na kila anayeziandika hupelekwa kwanza kwa kampuni, huko simu yake huelekezwa mahali halisi, ndipo ukurasa ufunguke. Kwa kuwa herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti, na tarakimu kumi zimo, alama za kuchagua huwa 62, kiasi kwamba nafasi saba hutoa michanganyiko inayozidi trilioni 3.5. Wingi huo ndio unaofanya anwani ya fomu iingie katika alama saba, na ndio huo huo unaomchanganya anayesoma O na 0, au l na 1, kwenye karatasi iliyonyeshewa.

Sisi tuliozoea kuandika S.L.P. kwenye bahasha tuna mfano wa karibu. Sanduku la posta halisemi kama mtu anaishi Igogo au Capri Point, lakini angalau hutaja Mwanza, na Posta yenyewe kila mtu anajua ilipo. Kiungo kifupi hakitaji hata mji, na mwenye posta ni kampuni ambayo mchuuzi wa Mwaloni hajawahi kuisikia wala hana pa kuilalamikia.

Haki ya kiungo kifupi lakini isifichwe. Huduma ya kufupisha ya TinyURL ilipoanza mwaka 2002, tatizo lilikuwa la kweli, kwani anwani ndefu zilikatika katikati ya mstari wa barua pepe na kuharibika. Baadaye ikaja Twitter na kikomo chake cha herufi 140, ambapo anwani moja ingeweza kumeza ujumbe wote. Kwetu hoja yenye uzito zaidi ni SMS, ambayo hubeba herufi 160; ukizidisha, ujumbe mmoja huhesabiwa na kulipiwa kama miwili. Chama cha ushirika kinachowatumia wanachama elfu mbili taarifa ya mkutano kitaokoa fedha halisi kwa kufupisha kiungo, na mweka hazina ataziona kwenye daftari.

Faida nyingine ni hesabu. Mfanyabiashara anayebandika tangazo moja kwenye kivuko cha Kamanga na jingine kwenye stendi ya Nyegezi, kila moja likiwa na kiungo chake, atajua baada ya wiki mbili ni bango lipi linaloleta wateja. Ila hesabu hiyo hupita kwanza mikononi mwa kampuni, ambayo huona saa, aina ya simu na eneo la kukadiria la kila aliyebonyeza.

Ubaya mkubwa ni kutoona unakokwenda. Anwani kamili inayoishia na go.tz humwambia msomaji kwamba tovuti ni ya serikali kabla hajaigusa. Ikishafupishwa, ajira ya serikali na mtego wa tapeli hufanana kama dagaa wa fungu moja. Watu waliokwisha kujifunza kuushuku ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wanaojua kuuripoti kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, bado hubonyeza kiungo kifupi bila kusita, maana hakina dalili ya kushukiwa wala ya kuaminiwa. Zipo njia za kuchungulia: kiungo cha Bitly, mojawapo ya kampuni hizo, ukikiongezea alama ya kujumlisha mwishoni, huonyesha kinakoelekea kabla ya kukupeleka. Sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo kwenye foleni ya kivuko.

Lipo pia suala la kudumu. Google ilianzisha huduma yake ya kufupisha, goo.gl, mwaka 2009, ikatangaza mwaka 2018 kwamba inaifunga, kisha mwaka 2024 ikasema viungo vyake vitaacha kufanya kazi Agosti 2025. Muda ulipokaribia ikalegeza, ikavibakiza vile vilivyokuwa bado vikitumika. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho huyumba namna hiyo, ndogo zitakuwaje? Na .ly iliyomo mwishoni mwa majina mengi ya huduma hizi ni ya nchi ya Libya, ambayo mamlaka yake ya majina ya tovuti iliifuta huduma ya vb.ly mwaka 2010, na wenye huduma hiyo hawakuwa na la kufanya.

Wala ufupi si usiri. Mwaka 2016 watafiti Martin Georgiev na Vitaly Shmatikov walionyesha kwamba viungo vya alama tano au sita vinaweza kubahatishwa na kompyuta kimoja baada ya kingine, na kwa njia hiyo wakafikia mafaili ya watu ambao hawakuwahi kuyatangaza. Katibu anayeweka orodha ya wanachama na namba zao za simu nyuma ya kiungo kifupi, akidhani hakijulikani, hajaifungia mlango.

Kwa maoni yangu, kiungo kifupi kinastahili nafasi kwenye karatasi, redioni na kwenye SMS, yaani mahali ambapo mkono huandika au herufi hulipiwa. Kwenye WhatsApp, ambako matangazo mengi ya mjini hapa hupita siku hizi, hakuna anayelipia herufi wala anayenakili kwa mkono. Kufupisha huko ni kumnyima msomaji jina la mahali bila kumpa kitu. Msimbo wa QR nao humwondolea adha ya kuandika, lakini huficha safari vilevile.

Kikundi cha Mwaloni hakikulazimika kubandika alama saba za kubahatisha. Huduma nyingi humruhusu mtumiaji kuchagua neno lake mwenyewe, hivyo kiungo kingeweza kuishia na neno la kueleweka lenye herufi ndogo tupu, ambalo mama angelisoma mara moja na kumtajia mwenzake kwa mdomo. Anwani ndefu ingeandikwa kwenye daftari la katibu, ili siku kampuni ikifunga duka wabandike karatasi mpya bila kuanza kuulizana fomu ilikuwa wapi.