Lisisitirike Hata Kichwa?

Fremu 34 kwa sekunde. Kompyuta yangu ina kadi mbili za picha, GTX 970, daraja la SLI limeziunganisha zifanye kazi pamoja, na mchezo wa magari unajikokota kama daladala ya Pongwe iliyojaza abiria na magunia ya nazi! Kwa fundi, Ngamiani, Barabara ya 12, mashine hiyohiyo ilitoa 110.

Nikaanza upekuzi. Daraja nikalichomoa, nikalirudisha. Kadi zote mbili ziko kwenye nafasi za x8, yaani zenye njia nane za data, maana SLI haikubali x4. Nyaya za umeme, pini 6 mara mbili kwa kila kadi, zimekaa barabara. Pawa saplai ni ya wati 750 na kadi moja hula 145, kwa hiyo njaa haikuwepo. Nikafuta draiva, nikaweka upya. 34.

Nikairudisha kwa fundi kwa bajaji, nimeipakata kama kichanga. 110.

"Kaka, labda umeme wa kwenu."

Nikanunua stabilaiza. Fremu 33.

Ndipo nikafungua programu ya kupimia joto, jambo la siku ya kwanza kama si ujuaji wangu. Kadi ya chini nyuzi 68. Ya juu 90, imejipunguzia kasi isiungue. Na kwenye SLI kadi hupokezana fremu: moja ikichechemea, mwenzake anaingoja. Kadi zangu ni za feni wazi, joto lao humwagika ndani ya kasha mpaka feni za juu zilitoe. Nikainua macho nizitazame hizo feni.

Sikuziona. Niliona kitambaa cha kudarizi, chenye bitana, maua pembe nne, pacha wa kile cha juu ya friji. Na kila safari ya kwa fundi nilikitoa mwenyewe, nikakikunja vizuri, nikakiweka kwenye kochi.

"Bibi, hiki kitambaa..."

"Kimechafuka?"

"Kinaikaba."

"Lidude linakaa sebuleni, mjukuu wangu, ubavu mzima kioo, matumbo nje, taa zinawakonyeza wageni. Lisisitirike hata kichwa?"

Nikakitoa: nyuzi 76, fremu 108. Bibi hakujibu. Akaleta futi kamba, akapima feni.

Ijumaa narudi kutoka msikitini, kitambaa kipo mahali pake. Kina matundu mawili ya sentimita 14, yamepindwa kwa uzi wa dhahabu. Nyuzi 78. Tundu la tatu, dogo kama la kifungo, sikulielewa mpaka nilipotafuta swichi ya kuwashia.