Jamani hayo majani yaacheni yatoe maua kwanza

Ikinyesha masika tu, mashine za kukatia majani zinaanza kulia kila pahala, maofisini, maskuli, mahotelini, mpaka kwenye raundabauti. Kishonanguo ndo kwanza kinachanua, kifauongo kishatoa vile viduara vyake vya pinki, nyuki wamejaa tele, mara anakuja mtu na mashine anavifyeka vyote, panabaki kijani kitupu hapana hata ua moja, na sote tunasema mashallah pamesafishwa.

Mie sikubali kama huo ndo usafi. Taka ni plastiki na mabaki ya vyakula, ua si taka.

Mwulizeni mtu yeyote anayelima maboga au matikiti. Boga lina maua dume na maua jike mbali mbali kwenye mmea huo huo, jike utalijua kwa kale kaboga kadogo chini yake, na linafunguka asubuhi moja tu, ikifika mchana limeshajifunga. Ule unga wa chavua wa ua dume, ambao lazima ufike kwenye ua jike ndo boga likue, ni mzito na unanata, upepo hauubebi, kwa hiyo asubuhi hiyo asipopita nyuki basi tena, kaboga kananyauka kanaanguka, na tikiti likipata chavua kidogo linatoka limepinda upande. Watu wakiona hivyo wanakimbilia kupiga dawa, na dawa nyingi zinawamaliza hao hao nyuki waliobaki!! Maboga yenyewe yanachanua wiki chache tu, siku nyengine zote nyuki ale nini kama kila pahala pamenyolewa?

Najua mtasema nyoka na mbu. La nyoka kweli, karibu na milango na njia wanazopita watoto fyekeni, sina ubishi. Mbu anajificha majanini lakini anataga kwenye maji, sasa anzeni na makopo, matairi na vifuu vya nazi vilivyojaa mvua.

Uingereza, taasisi ya Plantlife ilianza 2019 kuwaomba watu wasikate majani ya bustani zao mwezi mzima wa Mei. Sisi hata mwezi mzima wa kiwanja kizima siombi, naomba ule ukanda wa kando ya ukuta na nyuma ya madarasa uachwe mpaka maua yaishe, kisha ndo ukatwe, wenye mbuzi na ng'ombe watakuja kuchukua wenyewe. Ningeanza na mahoteli ya pwani, mana majani yao yanamwagiliwa kiangazi chote na maji yenyewe vijijini ni shida.