Lengo la mazoezi lianzie kwenye ratiba ya masomo

Muhula ukianza, wanafunzi wengi hujiwekea lengo lilelile: kupunguza mwili au kujenga kifua. Wiki ya tatu, majaribio yakikaribia, raba zimesharudi chini ya kitanda. Wanaambiwa ni wavivu, nami sikubali. Lengo la namna hiyo halina pa kulishikia; halikuambii ufanye nini leo saa kumi jioni.

Lengo langu la kwanza kudumu niliandika nyuma ya daftari la hesabu: "Pushapu 7." Ndizo nilizoziweza siku hiyo bila mgongo kulegea, ya nane iliniacha kidevu sakafuni, mikono ikitetemeka. Chini yake nikaandika: "15 kabla ya mitihani. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho, kabla sijakaa." Hilo la kabla sijakaa ndilo ninalomsisitizia kila mwanafunzi. Na siku za katikati ni sehemu ya kazi, maana misuli hujijenga inapopumzika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usiogope hizo namba. Mwongozo huohuo unasema kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na kutembea kwa haraka kwenda darasani kumo, ilimradi uweze kuongea lakini kuimba kukushinde.

Roger Bannister, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne, alikuwa mwanafunzi wa udaktari London alipokimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, tarehe 6 Mei 1954. Muda wake wa mazoezi ulikuwa saa ya chakula cha mchana. Alikuwa akikimbia yadi 440, yaani robo maili, mara kumi, akipumzika dakika mbili kila baada ya mzunguko. Akashuka kutoka sekunde 66 hadi 61 kwa kila mzunguko, hapo akakwama. Hakujilazimisha, alikwenda kupanda milima siku chache, akarudi akapata 59.

Kwa hiyo wiki ya mitihani usiuchane mpango wako. Punguza, ulale vya kutosha, na kando ya tarehe ya mtihani wa mwisho andika siku na saa ya kurudi.